Kinyume cha smart ni stupid au untidy? Mtoto kapigwa kosa

MamaWawili_Moro
Habari za jioni wanajukwaa, naombeni msaada hasa walimu wa kingereza mliomo humu. Binti yangu yuko darasa la nne, English medium hapa Morogoro, wamepewa zoezi la kuandika kinyume cha maneno na neno mojawapo lilikuwa smart. Yeye kaandika stupid, mwalimu kampiga kosa na pembeni kaandika untidy kwa wino mwekundu. Mtoto kalia kweli maana katuni zote anazoangalia mtu akiitwa smart ni mwenye akili, na hata simu zinaitwa smart na sio kwa sababu ni safi. Ila mimi toka nakua mtu smati ni yule aliyevaa akapendeza, marehemu baba alikuwa akitusifia sikukuu anasema leo mko smati na tulikuwa tunaelewa ni nguo. Sasa nani yuko sahihi hapa? Na je niende shule nikaongee na mwalimu au niache tu? Sitaki kumvunjia mwalimu heshima kwa mtoto na pia sitaki mtoto akue anaamini kitu ambacho sicho.

TichaKilosa
Dada hongera kwanza kwa kufungua daftari la mtoto, wazazi wengi wanaangalia matokeo tu mwisho wa muhula. Mtoto yuko sahihi na mwalimu naye yuko sahihi, swali ndo lina shida. Smart ina maana mbili kubwa, moja ni nadhifu, aliyevaa akapendeza, hapo kinyume chake ni untidy au scruffy au shabby, nyingine ni mwenye akili na hapo kinyume ni stupid au foolish. Ukimpa mtoto neno limekaa peke yake bila sentensi unamtaka akisie wewe ulikuwa unawaza ipi.

Na sio smart peke yake. Kinyume cha old ni nini? Ukisema gari ni new, ukisema mtu ni young. Short ukisema kamba ni long, ukisema mtu ni tall. Hard ukisema godoro ni soft, ukisema mtihani ni easy. Right ndo kabisa, inaweza kuwa wrong na inaweza kuwa left. Nafundisha hii mada kila mwaka na siku zote naandika sentensi ubaoni kwanza, kwa sababu maneno ya kusifia jamani yanategemea yanasifia nini, hata kiswahili kiko hivyohivyo, kinyume cha "mbichi" kwa ndizi ni mbivu na kwa nyama ni iliyoiva jikoni au iliyokauka.

Kwa nini mwalimu kachagua untidy naelewa pia. Kingereza chetu tumekipokea kutoka kwa Waingereza na maana ya unadhifu ndo tumelelewa nayo, mstarini asubuhi ukaguzi wa kucha na kola, mwalimu wa zamu anasema be smart na hakuna mtoto anayedhani kaambiwa aongeze akili.

Nenda kaongee nae dada, mkiwa wawili tu, na usianze na "umekosea". Muombe awe anaweka neno kwenye sentensi. He looks smart in his new uniform, hapo kinyume ni untidy. She is smart, she solved it in a minute, hapo ni stupid. Mwalimu yeyote anayependa kazi yake atakusikiliza.

Mjaluo_wa_Kampala
Niko Kampala, huku smart ni nguo na usafi moja kwa moja. Ukitoka nyumbani umepiga pasi na viatu vimeng'aa jirani anakwambia eh you are smart today, na hajakupima akili hata kidogo. Mwenye akili darasani huku wanamwita bright, au clever. Huyo mwalimu wa Moro angekuwa huku hakuna mzazi angembishia.

DadaLeicester
Salamu kutoka Leicester. Nimekaa Uingereza muda mrefu na nafanya kazi ya kuhudumia wazee, kwahiyo nasikia kingereza cha watu wa umri mkubwa kila siku na naweza kuwaambia kwamba kwao smart bado ni nguo. Bibi mmoja ninayemhudumia mjukuu wake akija na suti anamwambia you look smart, na akitaka kusema mjukuu ana akili anasema clever, au bright kama alivyosema wa Kampala. Vijana wa hapa wamechanganya, wanatumia smart kwa akili kama Wamarekani kwa sababu ya filamu na mitandao, ila wakienda kwenye interview mama zao wanawaambia wear something smart na hapo hakuna anayechanganyikiwa.

Kitu kimoja kinachosaidia sana ni kuangalia kitenzi kilichotangulia. Ukisikia look smart au dress smart karibu mara zote ni mwonekano. Ukisikia be smart about it hapo unaambiwa tumia akili. Na ukisikia mtu anasema he is smart bila kitu kingine basi angalia anayeongea katokea wapi. Halafu kuna maana moja ya huku ambayo kwetu haijafika sana, smart kwa maana ya kitu cha watu wenye nazo, a smart restaurant ni mgahawa wa bei, the smart part of town ni kama kusema Masaki au Oysterbay, hapo sio usafi tena ni tabaka.

Na msiogope clever. Huko nyumbani watu wanaona kama smart ndo ina hadhi zaidi, huku clever ni sifa nzuri tu ya mtoto, japo wakisema mtu ni too clever by half wanamaanisha anajifanya anajua mpaka anaudhi.

Kaka_wa_Minneapolis
Nipo Marekani na huku ni kinyume kabisa na dada Leicester. Smart ni akili, nukta. Ukienda kikao cha wazazi mwalimu akikwambia your son is smart hajazungumzia sweta lake. Mtu akivaa vizuri wanamwambia you look sharp, au you look nice, au wanasifia kitu chenyewe, I like your shirt. Clever huku ipo ila imeegemea upande wa ubunifu au ujanja, wazo clever, mtego clever, sio lazima mtu awe amesoma.

Ila nataka niwaonye wale mnaoleta watoto huku. Kuna smart ambayo sio sifa. Kijana wa jirani yangu, ametoka Dodoma akiwa form two, siku za mwanzo shuleni alimjibu mwalimu kwa kiburi kidogo, mwalimu akamwambia don't get smart with me, kijana akaelewa anasifiwa akatabasamu, sasa mwalimu akaona dharau juu ya dharau na mzazi akaitwa. Get smart with someone ni kumjibu mtu kifedhuli, kujifanya mjuaji mbele ya mkubwa. Smart mouth ni mdomo mchafu wa aina hiyo, na smart aleck ni yule mjuaji ambaye kila kitu ana jibu la kukera. Watoto wetu wanafundishwa kwamba smart ni sifa tu kwahiyo hawajui ikigeuka, waambieni mapema.

Nyingine mtakayokutana nayo ni street smart na book smart, wa kwanza ni mtoto wa mjini anayejua kuishi na watu na kunusa hatari, wa pili ni wa vitabu. Na kuna kitenzi outsmart, kumzidi mtu akili.

MzeeKamusi
Nimefurahi kuona mada ya namna hii, nimefundisha lugha mpaka nimestaafu na neno hili napenda historia yake. Mnabishana nguo au akili lakini maana ya kwanza kabisa ya smart haikuwa nguo wala akili, ilikuwa maumivu. Katika kingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kulikuwa na kitenzi cha kusema kidonda kinachoma, na smart ilikuwa sifa ya kitu kinachochoma namna hiyo. Kitenzi hicho kipo mpaka leo, sabuni ikiingia machoni Mwingereza anasema my eyes are smarting. Wajerumani ndugu zao maumivu wanayaita Schmerz, na Waholanzi wana smart yenyewe kwa maana ya huzuni, ni ukoo mmoja. Hata katika Hamlet ya Shakespeare, tamthilia ya mwanzo wa miaka ya 1600, mfalme Claudius anasikia maneno yanayomchoma dhamiri kama mjeledi na mjeledi ule anauita smart.

Kutoka hapo maana ilitembea. Pigo linalouma huwa ni la haraka, kwahiyo smart ikawa haraka, mpaka sasa wanasema a smart pace kwa mwendo wa kasi na zamani look smart ilikuwa ni kumwambia mtu fanya haraka. Kisha haraka ikahamia kichwani, mtu mwepesi wa kujibu, karne ya 17 hiyo. Karne ya 18 ikafika kwenye mavazi. Wamarekani wakakumbatia ile ya akili, Waingereza wakakumbatia ile ya mavazi, na sisi tukapata ya Waingereza kwanza kisha ya Wamarekani ikaja kwa televisheni na simu.

Sasa mkitaka mwanafunzi aelewe safari yote hiyo bila kukariri, mpeni neno letu "kali". Maumivu makali. Pigo kali. Mwendo mkali. Jibu kali. Akili kali. Na vijana wa Dar mtu akipendeza wanasema kapiga pamba kali. Kila kituo ambacho smart imepita kali nayo imepita, na hakuna lugha iliyomwiga mwenzake. Kaka wa Minneapolis kasema huko aliyevaa vizuri anaambiwa sharp, na sharp ni kali ileile ya kisu. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi hili darasa zima linanyamaza kwanza halafu kila mtu anaanza kutoa mifano yake, ndizo saa za kufundisha ninazozikumbuka kwa furaha.

MamaWawili_Moro
Asanteni sana wote, mzee shikamoo, hiyo ya kali nimemsomea binti hapahapa na ameanza kuitafutia mifano mwenyewe, kasema pilipili kali na mwalimu mkali. Nitaenda kuongea na mwalimu wake jumatatu kama ticha alivyoshauri. Ila sasa kaniuliza swali ambalo sina jibu, simu ni smart kwa akili ya namna gani wakati simu haifikiri, na kinyume cha simu smart ni simu stupid? Naombeni.

FundiSimu_Kkoo
Hapo ndo kwangu. Kinyume chake kipo na sio stupid wala untidy, ni dumb. Dumb phone ni hii tunayoita kitochi au kiswaswadu, Kenya wanaita kabambe au mulika mwizi. Kwahiyo mwambie binti smart ina vinyume vitatu na sio viwili, akimwambia mwalimu hilo atashangaa.

Kwenye vitu, smart maana yake kina kompyuta ndani na kinaweza kupokea taarifa kikabadilika kutokana nazo. Na hii maana haikuanza na simu, wajeshi walikuwa nayo mapema. Vita ya Vietnam Wamarekani walikuwa na bomu linaloongozwa kwa mwanga wa leza wakaliita smart bomb, na yale ya kawaida yanayoanguka tu ndo dumb bomb. Kuna daraja moja Vietnam ya kaskazini linaitwa Thanh Hoa, walianza kulipiga 1965 kwa mabomu ya kawaida likagoma miaka na miaka, mwaka 1972 wakaja na ya leza likaanguka. Simu zimekuja baadae, IBM walitengeneza ya kwanza yenye kioo cha kugusa ikaanza kuuzwa 1994 ikaitwa Simon, ilikuwa inapokea fax na email, ila kampuni iliyoiuza simu yake kwa jina hilo la smartphone ni Ericsson, modeli R380 mwaka 2000. Baada ya hapo kila kitu kikawa smart, tv, saa, mita ya umeme, taa. Mteja akija dukani kwangu akisema nataka tv smart namuuliza unataka iingie intaneti au unataka nyembamba ya kupendeza ukutani, maana kuna watu wazima wanamaanisha ya pili, na wana haki kabisa kwa kiswahili chetu.

Halafu usichanganye na yale magari madogo ya watu wawili yameandikwa smart, lile ni jina limeunganishwa kutoka Swatch na Mercedes na neno art, yalitoka 1998.

BintiWaLikoni
Mie niko Mombasa, natafsiri kwa riziki yangu, na hapa kwenye simu nina neno. Vyombo vya habari vimeshika "simu janja" na watu wameikubali, lakini mjanja kwetu pwani ni mtu wa kuangaliwa, ujanja una hila ndani yake, sungura wa hadithi ni mjanja kwa sababu analaghai. Smart ya simu haina hila. Mie nikipewa hati ya watu wa benki au hospitali naandika "simu ya kisasa" nikiona msomaji ni mtu mzima, au "simu mahiri" ikiwa hati ni ya kiufundi, na nikiandikia vijana naacha simu janja maana ndiyo yao. Mahiri naipenda, mtu mahiri ni hodari wa kazi yake na hana doa.

Kwa mtu aliyevaa, hapo sihitaji smart kabisa. Nadhifu ni msafi aliyejipanga, maridadi ni mwenye mapambo na mvuto, na mwanamume tunasema mtanashati. Kila moja ina mahali pake na smart ya Kingereza inazibeba zote kwa pamoja, ndiyo maana ukitafsiri lazima ujue aliyevaa ni nani na kavaa nini. Mteja mmoja aliniletea tangazo la kazi limeandikwa we need smart young ladies for reception, nikampigia simu kumuuliza unataka wenye akili au walio nadhifu, akanyamaza kisha akasema zote mbili. Nikaandika "nadhifu na wenye uelewa wa haraka". Lau ningechagua moja bila kuuliza ningembadilishia tangazo lake.

AfisaMradi
Naongeza ya maofisini. Wale wa NGO mnajua malengo SMART kwenye kila semina, ile sio neno ni herufi za mwanzo za maneno matano ya kingereza yanayoeleza lengo zuri liweje, ilitoka kwa Mmarekani George Doran mwaka 1981 kwenye jarida la mambo ya uongozi. Yeye herufi ya A aliandika assignable, yaani kazi iwe na mtu wa kuibeba, siku hizi semina zetu zote zinafundisha achievable, linaloweza kufikiwa. Mimi narudisha ya kwake maana miradi mingi inakwama kwa sababu hakuna jina la mtu pembeni ya lengo.

Kijana_Ubungo
Samahani kwa kuingilia wakuu, maadamu mnaongelea smart. Nimeitwa kwenye hafla ya kazi hoteli moja mjini, barua imeandikwa dress code: smart casual. Hii smart ni ipi na navaa nini? Suti kamili sina, na jeans naogopa.

DadaLeicester
Mdogo wangu hiyo ni ya nguo moja kwa moja. Smart casual ni katikati, usafi wa ofisi bila tai. Suruali ya kitambaa, nyeusi au bluu nzito au kaki, shati la kola lililopigwa pasi, viatu vya kufunika vilivyopigwa dawa, mkanda. Koti la suti ukiwa nalo vaa, ukikosa sio kosa. Acha raba, acha malapa, acha fulana, na jeans ya kuchanika ndo usiiguse kabisa. Jeans nzima nyeusi isiyopauka wengine wanaikubali ila wewe ni mgeni pale kwahiyo nenda na kitambaa.

TichaKilosa
Na shati la kitenge lililoshonwa vizuri linakubalika pia kijana, nimeona hafla nyingi hapa nchini watu wanalivaa na wanapokelewa vizuri tu. Angalia fundi asikupunguzie mabegani.

Kijana_Ubungo
Nina la kitenge la bluu nililoshona kwa ajili ya harusi ya dada. Na soksi je, lazima ziwe nyeusi?

DadaLeicester
Zifanane na suruali, sio lazima nyeusi. Nyeupe za michezo hapana.